Umeme ukikatika kwenye theluji, jiko la mkaa libaki nje

Mgao wa umeme tumeuzoea tangu nyumbani: unawasha mshumaa, unanung'unika kidogo, umeme unarudi. Mazoea hayo ni hatari ukiyabeba hadi kwenye baridi ya huku Marekani.

Februari 2021, nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zilikosa umeme Texas. Mpango ulikuwa kuuzungusha mtaa kwa mtaa, lakini uliobaki ulikuwa mdogo mno, na laini zenye hospitali zilibidi zisikatwe. Mgao ukakwama. Waliokatiwa wengi walikaa gizani siku kadhaa. Hata hita za gesi zilizima, maana feni zake huendeshwa na umeme.

Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246, vingi vikitokana na baridi. Watu 19 waliuawa na kaboni monoksaidi, gesi ya mkaa na injini. Hapa tusipite haraka. Njombe na Limuru kuna baridi, na kila tukisikia familia imelala na jiko ikakutwa imekufa, ni gesi hiyohiyo. Nyumba za huku zimezibwa zaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu; kichwa kinauma, unapata kizunguzungu na kichefuchefu, unadhani ni mafua tu. Jiko la mkaa na jenereta vikae nje, mbali na madirisha. Gari lisiungurume gerejini hata mlango ukiwa wazi. King'ora cha gesi hiyo, cha betri, kinunuliwe kabla ya tangazo la dhoruba, maana baada ya hapo madukani hubaki rafu tupu.

Umeme ukikatika, hamieni wote chumba kimoja kidogo, zibeni chini ya mlango kwa taulo, vaeni nguo tabaka juu ya tabaka. Vitenge na mashuka ya Kimasai ya sandukuni sasa yana kazi. Maji jazeni mapema. Aliyekulia na ndoo hahitaji somo. Acheni bomba lidondoshe kidogo lisigande, na mjue koki kuu iko wapi, bomba likipasuka muifunge.

Buffalo, New York, inajua theluji kuliko karibu miji yote, lakini dhoruba ya Krismasi ya 2022 iliua watu zaidi ya 40 huko na vitongojini. Amri ya kuzuia magari ilitangazwa asubuhi ya tarehe 23 Desemba, muda mfupi tu kabla ya amri yenyewe kuanza kazi, watu wakiwa tayari wako kazini. Wengine walifia garini. Magari ya wagonjwa nayo yalikwama. Kwa hiyo msisubiri amri: mwombe bosi ruhusa jana yake, hata akikunja uso. Ukikwama, kaa garini, washa injini kwa vipindi vifupi, na kila mara kabla ya kuwasha ondoa theluji kwenye bomba la moshi, la sivyo ile gesi inakurudia ndani. Garini weka blanketi, koleo, maji na chaja. Dawa za mama za wiki nzima ziwe nyumbani.