Ukienda kukimbia rudi mikono mitupu

Nianze na jambo lililonichukua karibu mwaka mzima kulifahamu. Nilipoanza kukimbia nilikuwa natoka kwetu Langoni, hapa mjini Lamu, asubuhi mapema hadi kijiji cha Shela na kurudi, nyumba nzima ikajua mama anapita Shela, basi mama mkwe akawa ataka nimpitie samaki, baba watoto ana ujumbe wa mtu wake wa boti, jirani naye kuna kitambaa chake kwa fundi. Nikawa narudi natembea na mfuko mkononi. Siku moja nilisimama pale pwani natazama maji ya samaki yanavyodondoka kwenye raba yangu ya kushoto, tone tone, nikaona wallahi hapa sijakimbia wala sijapumzika, nimekwenda sokoni kwa njia ndefu tu. Nilipofika nyumbani nikamwambia mama mkwe kwa adabu, "Mama, samaki nitakufuatia mchana in shaa Allah, lakini saa hii ya asubuhi niachie." Akanitazama kidogo akasema, "Haya mwanangu, lakini usichelewe." Mimi nahesabu mbio zangu zilianza siku hiyo.

Kwa hivyo kama wewe ni mzazi na wataka nusu saa yako, kabla ya raba na kabla ya kitu chochote, kaeni chini na watu wa nyumbani mpange nani anabaki na watoto, siku gani, saa ngapi mpaka saa ngapi. Useme wazi. Ukisema "nikipata nafasi nitakwenda" hutakwenda, manake nafasi ya mzazi haijipati yenyewe. Mimi nina watatu, wa mwisho ana mwaka na nusu, baba yao anapeleka abiria kwa boti Mokowe, upande wa bara, na hutoka saa 12 na nusu asubuhi, basi tumekubaliana Jumatatu, Jumatano na Jumamosi tukishasali alfajiri yeye ndiye mwenye watoto mpaka saa 12 na robo. Mtoto akiamka analia, analia na babake. Hapo ndipo pagumu kwetu sisi kina mama, unasikia kilio uko ngazini unataka kurudi, usirudi, babake ana mikono na ana mapenzi ya mwanawe.

Kama uko peke yako, tafuta mama mwenzio mbadilishane, leo anabaki na wako na wake, kesho kutwa wewe. Au tumia saa za chuo, wale wakubwa wakienda kusoma Qur'ani alasiri unabaki na mdogo tu, na mdogo mmoja ni rahisi kumwachia shangazi yake kuliko watatu kwa pamoja.

Usiku wake andaa kila kitu. Nguo zangu naziweka kwenye kiti cha mlangoni, uji uko kwenye thamosi, sare za shule zimepigwa pasi. Ukiamka ukaanza kutafuta soksi ya mtoto, saa yako imekwisha. Kwa anayenyonyesha, nyonyesha kwanza kisha utoke, kifua kitakuwa chepesi, na sidiria iwe ya kubana vizuri, ikibidi vaa mbili. Nguo mimi navaa suruali ya traki nyepesi, kanzu inayofika magotini, na hijabu ile ya kuvaa moja kwa moja isiyo na pini. Dera usijaribu, likilowa jasho linashika miguu. Watu wakikutazama wasalimie wewe kwanza, "Sabalkheri wazee," wale wanaotoka msikitini watakuitikia na baada ya wiki mbili tatu hakuna anayegeuka tena.

Sasa kukimbia kwenyewe. Ndani ya mitaa tembea, usikimbie, vichochoro vyetu ni vyembamba, mawe yana utelezi wa maji na mavi ya punda, na punda mwenye mzigo wa mchanga akitokea kwenye kona hana breki, ukisikia "simile!" shika ukuta apite. Ukifika pwani ndio uanze. Kama hujakimbia tangu uko shule, kimbia dakika 1 tembea 2, rudia mara saba au nane, inatosha kabisa, mara tatu kwa wiki. Wiki ya tatu au ya nne kimbia 2 tembea 1, na uongeze hivyo pole pole. Mwendo uwe ule ambao unaweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, mimi huwa nasoma adhkari za asubuhi kwa sauti ndogo na nikiona maneno yanakatika napunguza. Wengi wanaacha mbio kwa sababu siku ya kwanza walikimbia kama wanaofukuzwa, wakaumia miguu wiki nzima. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za mazoezi makali, basi nusu saa mara tatu pamoja na kupanda ngazi za nyumba na kwenda sokoni kwa miguu, hauko mbali.

Kutoka mjini hadi Shela ni kama kilomita 3, lakini hapa Lamu ratiba yako lazima uiulize bahari. Maji yakijaa sana kuna vipande vya njia utakanyaga maji, na ufuo wa Shela unabaki kipande chembamba cha mchanga laini. Huna haja ya programu ya simu, tazama tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yani kwenye tarehe 1 mpaka 3 na 15 mpaka 17 hivi, ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, na huku kwetu siku za bamvua maji huwa yamejaa kwenye saa 10 saa 11 alfajiri kisha yanakupwa mpaka saa 4 au 5 asubuhi. Siku hizo mimi nabaki kwenye njia ya juu karibu na mji, naenda narudi. Tarehe 8 mpaka 10 na 22 mpaka 24 ni maji mafu, hayajai wala hayapwi sana, alfajiri maji yako chini kiasi na mchanga wa unyevu umeshikana vizuri, hizo ndizo asubuhi za kwenda Shela. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwa hivyo ukishajua ya leo unajua ya Jumatano.

Upepo nao una mambo yake. Wakati wa kusi, mwezi wa 6 mpaka wa 8 hasa, ukielekea Shela unakupiga usoni na ukirudi unakusukuma, ni vizuri, unamaliza kwa wepesi. Wakati wa kaskazi ni kinyume, unakwenda mbio mbio bila kujua alafu kurudi ndio kazi, basi geuza mapema. Na mwezi wa 6 na wa 7 jua linachelewa kutoka, usitoke kwenye kiza totoro, ngoja uone rangi ya maji. Ule ufuo wa Shela ni mrefu, kama kilomita 12, na ukishapita nyumba za mwisho ni mahame, usiende huko peke yako, mwanamke wala mwanamume. Mimi nageuka nikiwa bado naona watu.

Mchanga laini ni mzuri lakini unavuta mashavu ya miguu na ule mshipa wa nyuma ya kisigino, mwanzo dakika 5 tu zinatosha. Ufuo umeinama upande wa bahari kwa hivyo rudi kwa njia ile ile uliyoendea ili mguu ule ule usikae chini safari nzima. Kukimbia pekupeku inapendeza ila angalia vigae vya chupa na matumbawe, mimi raba sivui mpaka mwisho.

Kwa waliojifungua, tafadhali msiharakishe. Tembea kwanza, mbio ngoja kama wiki 12, na kama ulipasuliwa muulize daktari. Ukikimbia ukaona mkojo unavuja au kuna uzito unashuka chini, simama, nenda kamwone mtu wa fiziotherapia, yana tiba na si aibu, kina mama wengi sana wanayanyamazia. Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018 akarudi akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 Tokyo mwaka 2021 na tena Paris mwaka 2024, nampenda sana yule dada, lakini hakurudi kwa siku arobaini na alikuwa na watu wa kumsaidia. Sisi wenye ndoo na sufuria tujipe muda zaidi.

Simu iache nyumbani, au ukiogopa usalama ibebe imezimwa sauti. Mimi nilikuwa naibeba na kila nikifika nusu njia inalia, "mama, kalamu yangu iko wapi." Kalamu itapatikana.

Na katika muda wako weka dakika 5 za mwisho za kukaa. Hizi usizitoe ata ukichelewa, bora upunguze kukimbia. Mimi nakaa kwenye ukuta wa pwani miguu inaning'inia, jasho linakauka, naona wavuvi wanaingia, kitanga cha jahazi kinalia kikiguswa na upepo, na kwa dakika hizo tano hakuna anayeniita. Nikipanda ngazi za nyumbani baada ya hapo mtoto akinirukia namshika kwa mikono miwili, sina mfuko, na sina ile hasira ya asubuhi niliyokuwa nikiwamwagia bila ya kosa.

Siku nyengine haitawezekana, mtoto ana homa, mvua ya masika, mgeni kafika. Iache ipite, usiilipe kwa kukimbia mara mbili kesho. Ramadhani mimi nahamia nusu saa kabla ya futari, natembea zaidi kuliko kukimbia, nafika nyumbani adhana ikikaribia na tende iko mezani, manake kwa mwezi huo baba watoto ndiye anayekaanga sambusa Jumatatu na Jumatano, tulikubaliana mwezi wa Shaabani.