Somo: Kupanga lenzi na faiba za darubini ya uwanja mpana

Nimeulizwa mara nyingi jinsi darubini moja inavyopima spektra (nuru iliyotenganishwa kwa rangi zake) za maelfu ya galaksi kwa pamoja, kwa hiyo nayaweka yote hapa. Mfano ni DESI, chombo kilichofungwa kwenye darubini ya Mayall huko Kitt Peak, Arizona.

Hatua ya 1. Anza na kioo kikuu. Cha Mayall kina kipenyo kinachotumika cha takriban mita 3.8.

Hatua ya 2. Weka lenzi za kusahihisha kabla ya fokasi, yaani mahali nuru inapokutana kuunda picha. DESI inazo sita, nazo hutoa uwanja (eneo la anga linaloonekana kwa pamoja) wa digrii 3.2, ilhali mwezi mpevu huchukua nusu digrii tu.

Hatua ya 3. Kokotoa upana wa faiba, uzi mwembamba unaopitisha nuru. Uwiano wa fokasi (urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha kioo) wa 3.86 mara mita 3.8 hutoa urefu wa fokasi wa mita 14.7, hivyo sekunde moja ya tao (sehemu moja ya 3,600 ya digrii) huangukia maikromita 71. Faiba ya maikromita 107 hupokea sekunde 1.5.

Hatua ya 4. Elekeza faiba. Hapa niliharibu mchoro wangu wa kwanza: niliridhika kuona picha za nyota ni kali hadi ukingoni, nisikague mwale wa kati wa kila koni ya nuru (miale inayokusanyika kwenye mdomo wa faiba) unaingia kwa pembe gani. Faiba huisambaza nuru kuuzunguka mhimili wake, lakini haiipunguzi pembe iliyoingia nayo. Koni yetu ina nusu-pembe ya digrii 7.4, ikiinama digrii 2 hutoka ikiwa na 9.4, yaani uwiano wa takriban 3, na spektrografu (chombo kinachotenganisha nuru kuwa spektra) iliyopangiwa koni nyembamba huikosa nuru ya pembeni. Onyo: usipitishe mchoro kwa ukali wa picha pekee. Tena, faiba iliyobanwa huitanua koni zaidi.

Hatua ya 5. Gawa faiba 5,000 kwa spektrografu 10.

Swali: Faiba iwe na upana gani?
Jibu: Hatua ya 3. Isome tena.

Swali: Mwalimu, kwa nini lenzi mbili kati ya sita huzungushwa?
Jibu: Umeuliza jambo la msingi, ndugu. Nyota ikishuka kuelekea upeo, angahewa huipinda nuru ya buluu kuliko nyekundu, na rangi moja hukosa mdomo wa faiba. Lenzi hizo zikizungushwa, mtawanyiko wake wa rangi huufuta ule wa angahewa.

Swali: Naweza kuiona hatua ya 4 nyumbani?
Jibu: Naam. Mulika leza dhaifu kwa mshazari ndani ya faiba ya plastiki, na ukutani utaona pete badala ya doa. Ongeza mshazari, pete itapanuka. Usichungulie mwisho wa faiba kwa jicho.