Kuchonga Viumbe wa Bahari wa Kubuni kwa Malapa Yaliyookotwa Ufukweni

Pepo za kusi zinapovuma, kati ya Aprili na Septemba, bahari hutupa kwenye fukwe za Lamu malapa, maboya na vipande vya nyavu. Flipflopi, chombo cha plastiki chakavu chenye urefu wa takriban mita 9, kilichoundwa Lamu na kushushwa majini mwaka 2018, kilifunikwa kwa malapa kama hayo yapatayo 30,000. Yaokote hayo, lakini makome yaache, kwa kuwa hata yaliyo matupu ni nyumba za kaa.

Kabla ya kushika kisu, amua kiumbe wako anaishi wapi na anakula nini. Anayejificha mchangani awe bapa kama samaki taa, na anayevunja kombe za baharini awe na mdomo mpana na taya nene. Asipokuwa na maisha yake, atabaki rundo la takataka lenye macho.

Ng'oa mikanda, osha soli kwa sabuni na maji yasiyo na chumvi, kisha uzianike kivulini hadi zikauke kabisa, kwani chumvi na unyevu huzuia gundi kushika. Zikwaruze kwa msasa, zipange moja juu ya nyingine ziwe bonge la kuchonga, paka gundi ya viatu pande zote mbili zinazokutana, subiri kama dakika kumi mpaka isinate kidoleni, kisha kandamiza na ulaze jiwe juu yake usiku kucha. Kazi hii ifanyike nje, kwa sababu ya mvuke wa gundi.

Mpangilio wa rangi ndio unaostahili muda wako mwingi. Kisu kikipita wima, kila soli huonekana kama mstari mwembamba. Kikilala, mistari hiyo hutanuka na kuzunguka mgongo wa kiumbe kama mawimbi. Panga bluu, nyeupe na nyekundu ukiwa umeshaamua mgongo utapinda wapi, nawe hutahitaji rangi ya kupaka, ambayo kwa maoni yangu huua uzuri wa kazi hii. Chonga kidogo kidogo, makali yakielekea mbali nawe, kisha lainisha kwa msasa mkali na baadaye mlaini.

Mikono ya pweza huundwa kwa kamba kuukuu iliyopitishwa waya ndani, na mapezi kwa ile mikanda uliyoing'oa. Usiyeyushe plastiki kwa moto, kwani moshi wake ni sumu. Macho, ambayo yanaweza kuwa vifuniko vya chupa, yatoboe na uyashone kwa mshipi wa kuvulia, maana gundi peke yake huachia juani.