Bunduki imekuwa nyeupe, na ugomvi wa SMG

Kibanda changu cha gemu kipo Jang'ombe. Kompyuta nne: tatu zinafanya kazi, ya nne inafanya kazi ikipenda. Zote zina GTA San Andreas ya 2005, kwa sababu ndiyo gemu ambayo mashine zangu zinaibeba bila kulalamika. Na kila wiki hakosi kijana kuja na flashi mkononi, uso umemshuka: "Kaka, nimetia modi ya AK, gemu imekufa."

Modi ni faili la kubadilisha kitu ndani ya gemu, kama kutia bunduki mpya mahali pa ile ya asili. Na gemu haijafa. Mara nyingi ni kosa dogo la kijinga, na mimi mwenyewe nimeshalifanya.

Kabla ya yote, liache faili la gta3.img lililomo ndani ya folda ya models. Humo ndimo zilimofungwa silaha zote, magari na nusu ya mji, na ukikosea hapo unasakinisha gemu upya. Tumia modloader, programu inayotia modi bila kugusa faili za asili. Kila modi ipe folda yake na jina utakalolikumbuka kesho, si "mpya2 mwisho kabisa". Gemu ikigoma, toa folda moja, washa, angalia. Toa ya pili, washa, angalia. Ukitoa zote kwa pamoja hutojua mkorofi ni nani. Ndani ya folda ya modloader kuna faili la modloader.log, soma mistari ya mwisho kabla hujaja kwangu. Jengine: modi nyingi za zamani zimetengenezwa kwa toleo la 1.0. Kwenye ile iliyotengenezwa upya 2021 haziingii, usijitese.

Sasa bunduki nyeupe. Silaha ina faili mbili, dff ambayo ni umbo, na txd ambayo ni ngozi yake. Gemu inaijua AK kwa namba 355 na kwa jina ak47, kama ilivyoandikwa kwenye default.ide, faili la orodha ya vitu vya gemu. Kijana anashusha modi, faili limeitwa AK_HD_kali.dff, analitia vivyo hivyo, halafu anashangaa mbona bunduki ni ile ile ya zamani. Au dff kalibadilisha jina, txd kalisahau: umbo jipya limekuja uchi, jeupe kama sanda. Yote mawili yaitwe ak47. Ikiwa bado ni nyeupe, fungua txd kwa programu ya kusomea txd, ulinganishe majina ya picha za ndani na yale ambayo dff inayaita. Ikiwa bunduki ni nzima lakini ile picha yake ndogo kwenye kona ya kioo ndiyo nyeupe, basi aliyetengeneza modi kasahau kutia ak47icon. Ichukue kwenye txd ya asili. Na picha za ngozi zikiwa kubwa kupindukia, zipunguze hadi 512. Kioo chenyewe ni cha inchi kumi na saba, hakuna atakayeona mikwaruzo ya kwenye kitako.

Faili linalowaliza watu hasa ni weapon.dat, lenye namba za kila silaha, ndani ya folda ya data. Mistari mingi ya silaha humo inaanza na alama ya pauni, £. Mwaka jana kijana mmoja alilihariri kwenye simu, akanitumia, nikalitia, gemu ikajizima. Nikakaa nalo kutoka alasiri mpaka isha. Mistari naiona sawa, namba sawa. Kuja kutazama vizuri, kila £ ina Â mbele yake. Simu ilihifadhi kwa UTF-8, mtindo wa sasa wa kuandika herufi, na huko alama ya pauni inakuwa baiti mbili badala ya moja. Gemu ya zamani kama hii inasoma herufi ya kwanza, inakuta mgeni, basi. Kwa hivyo ukihifadhi, chagua ANSI, ule mtindo wa zamani. Dawa yenyewe ndiyo hiyo tu, na mimi nilikosa chakula cha usiku kwa ajili yake.

Kosa la pili kwenye faili hilo hilo: AK imeandikwa zaidi ya mara moja, kwa sababu CJ, yule unayemchezesha, ana viwango vya ujuzi, yaani asiyejua, wa kawaida na bingwa. Ukibadilisha mstari mmoja tu, utasema modi haifanyi kazi, kumbe inafanya kazi kwa CJ wa kiwango chengine. Tafuta jina hadi mwisho wa faili.

Baada ya gemu kupona ndipo ugomvi unapoanza: ipi AK ya kweli? Mimi nina kanuni moja kibandani kwangu. Anayebisha afungue faili, aoneshe namba.

Tuanze na kasi. Zile namba za kuanza na kumaliza mzunguko wa kufyatua, kwenye weapon.dat, zinahesabiwa kwa sehemu ya thelathini ya sekunde. Tofauti ikiwa 3, unapata risasi kumi kwa sekunde, yaani 600 kwa dakika, na hiyo ndiyo kasi ya AK halisi. Kuna modi iliyoletwa hapa ikisifiwa kwa uhalisia, tofauti yake 2. Hiyo ni 900. Inalia kama cherehani ya fundi kanzu usiku wa kuamkia Iddi.

Magazini ya AK kwenye gemu ni risasi 30, sahihi. Bunduki ya M4 wameipa 50, na magazini yake ya kawaida ni 30. Hapo waongo ni gemu, si modi.

Wengine hushikilia kuwa risasi ya kweli huchelewa kufika, kwa hivyo neno INSTANT_HIT kwenye faili, yaani risasi inafika papo hapo, ni utoto. Piga hesabu. Risasi ya AK inatoka kwa kama mita 715 kwa sekunde. Kwa mita 70, ambako ndiko mnakopigana, inafika kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Jicho lako halitaiona tofauti. Kinachonikera mimi ni umbali: AK ya kwenye gemu haifiki mita 100, na kipimo cha shabaha cha AK-47 kimechorwa hadi 800.

Siku moja walibishana mpaka mzee mmoja wa barza ya kahawa, aliyekwenda vita vya Kagera, akaingia na kikombe chake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnagombea nini?"

Wakamwonesha. Akasema hiyo AK sisi jeshini tukiita SMG. Akaangalia kidogo, akauliza mbona kitasa cha kukokea kipo kushoto. Kweli! Aliyetengeneza aliligeuza umbo, na sote hatukuona. Kisha akaeleza ile swichi ya ubavuni: juu imefungwa, katikati inamimina, chini kabisa ni moja moja. "Mtu akiwa na hofu anaibana mpaka chini, basi inatoka moja moja, hamalizi risasi." Gemu haina swichi hiyo, ukitaka moja moja, bonyeza na uachie.

CJ akabadilisha magazini iliyobaki na risasi kumi na mbili, na hesabu ya risasi zake haikupungua hata moja. Mzee akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Na hizo kumi na mbili kazitia mfukoni moja moja?"

weapon.dat ya asili ninayo kwenye flashi nyekundu, imetundikwa msumarini nyuma ya mlango. Ukiiazima irejeshe kabla ya magharibi, na usiihariri kwa simu.