Premio, Mark X au Legacy? Namna ya kuchagua gari ya familia hapa Unguja

Wenzangu, kila mara mtu ananitumia picha tatu za gari kwenye simu, Premio na Mark X za Toyota na Legacy B4 ya Subaru, chini kaandika "ipi hapo?" na mie siku zote namuuliza kwanza nyumbani mko wangapi na unakwenda wapi kila siku, maana gari ya mtu anaekaa Kiembe Samaki akafanya kazi Malindi siyo ya mtu anaekwenda Nungwi kila alfajiri na kurudi usiku.

Anza na mafuta, na hesabu uifanye kwenye karatasi. Premio ya 1.5, yaani injini ya lita moja na nusu, mie naihesabia kilomita 13 kwa lita, mji na shamba kwa pamoja, Mark X ya 2.5 ile V6, ya silinda sita, naihesabia 8. Kwa kilomita 1,000 za mwezi ya kwanza inakunywa lita 77, ya pili lita 125, tofauti lita 48, zidisha kwa bei ya mafuta ya leo halafu zidisha mara 12 uone mwaka unakwendaje. Hapo plagi sita badala ya nne bado hatujazigusa.

Siikatai Mark X jamani. Ikisimama mbele ya nyumba ya harusi kila mtu anaiangalia, na barabarani imetulia, nzuri kweli. Ila inasukuma kwa tairi za nyuma, kwa hiyo shafti inapita katikati na sakafuni kuna nundu kubwa, mtoto wa kati miguu haina pa kukaa, jaribu safari ya Makunduchi na watoto watatu nyuma utanielewa. Premio inavuta mbele, nundu yake ndogo. Na upana, Premio ni milimita 1,695, Mark X yenye chesisi ya GRX130 ni 1,795, sentimita 10 utaona si kitu mpaka uingie uchochoro wa Kikwajuni na mwenzio anakuja kwa mbele.

Jifunze kusoma namba ya chesisi, haidanganyi kama tangazo. Kwa Premio, namba ikianza na NZT260 ni 1.5, ZRT260 ni 1.8, ZRT261 ni 2.0. Toyota Allion na Premio ni ndugu wa tumbo moja, injini zile zile, tofauti sura na mapambo ya ndani, ukikuta Allion ina hali nzuri kwa bei ndogo chukua tu. Injini ya 1NZ ya hiyo 1.5 ndo ile iliyomo kwenye IST na Probox, yaani kila fundi wa hapa keshaifungua. Za kuanzia 2007, hizo za 260, zina giaboksi ya CVT, otomatiki ya mkanda badala ya gia za kawaida, na CVT inataka oili yake yenyewe, fundi akikwambia "tia hii ya kawaida itafaa" chukua funguo zako uondoke. Ile ya zamani AZT240 ya 2.0 yenye D4 mie naikwepa, mafuta yanapigwa moja kwa moja ndani ya silinda na ikianza kusumbua si kila mtu anaiweza.

Legacy inavuta tairi zote nne, masika utaipenda. Ila zile za 2003 mpaka 2009 zenye injini ya EJ20 zina taimingi belti ya kubadilishwa kwenye kilomita 100,000, muuzaji akishindwa kukuonesha kama imebadilishwa basi gharama yake itoe kwenye bei, maana ikikatika vali zinapinda na hapo unaongelea injini.

Sasa kitu ambacho watu wanakiruka. Kabla hujalipa, zunguka maduka ya spea ulizia vitu vitano kwa kila gari unayoitaka: shokapu za mbele, bushi, taa kubwa, kioo cha pembeni, bampa. Andika bei. Gari ambayo kila duka wanakwambia "mpaka tuagize Dar" ujue siku ikiharibika familia inapanda daladala wiki nzima ikingoja boti.

Halafu kutu, na hapa mie nimeumia mwenyewe. Gari yangu ya kwanza niliuziwa juu inang'aa, miezi sita baadae nanyanyua kapeti ya buti chuma kinamomonyoka mkononi. Kule Hokkaido wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, ikija huku inakutana na upepo wa bahari. Kwa hiyo omba karatasi ya mnada wa Japani, angalia mchoro wa gari: S ni kutu, C ni kutu iliyokwishakula, A mkwaruzo, U kibonyeo, na daraja ikiwa R maana yake ilipata ajali ikatengenezwa. Akisema karatasi imepotea, lala chini na tochi uangalie mwenyewe.

Mambo ya ndani sitaki kukuchosha. Ramani ya kijapani haikusaidii kitu, redio inashika 76 mpaka 90 tu bila kufungiwa kifaa cha kuongeza bendi, yasikupandishie bei. AC ndo ya kuipima, na ipime saa saba mchana gari ikiwa imesimama, siyo asubuhi.

Mwisho pakia familia yote, na bibi akae nyuma, mpite kwenye matuta mkiwa mmejaa, sikiliza chini kunagusa wapi, muulize bibi kupanda na kushuka kukoje. Kwa nyumba nyingi ninazozijua mie nasema NZT260. Ukishaipata, siku ya kulipa linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi na ya kwenye karatasi, tarakimu moja moja, muuzaji akiwa hapo hapo.