Kutafuta na Kutunza Supachaja za Hotirodi za Zamani

Bloa ya GMC 6-71, aina ya supachaja, yaani pampu inayosukumia hewa ndani ya injini, usianze kuitafuta kwa wauza vipuri vya hotirodi, yale magari ya zamani yaliyoongezwa nguvu. Watafute watu wa dizeli. General Motors ilipoanza kutoa injini za mfululizo wa 71 mwaka 1938, ilizifunga bloa kwa sababu dizeli ya mipigo miwili haivuti hewa yenyewe. Lazima isukumiwe, na hewa hiyo ndiyo inayofukuza moshi silindani. Injini hizo ziliendesha malori, mabasi, jenereta na boti za Higgins zilizoshusha askari ufukweni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kifaru cha Sherman M4A2 kilibeba mbili zilizounganishwa. Baada ya vita wapenda mbio wa Marekani wakazing'oa bloa hizo na kuzipachika juu ya injini za Ford V8, kisha Chrysler Hemi. Mimi ni mchonga vyuma, kazi yangu ni kuzifufua, na nyingi kati ya zile nzuri zilizopita mikononi mwangu zilitoka kwa mafundi wa malori waliostaafu na kwenye yadi za boti.

McCulloch na S.Co.T., chapa nyingine za supachaja, zina njia yake. McCulloch ilianza kuuza supachaja za Ford V8 mwaka 1937. Miaka ya 1950 ikaja VS57, iliyofungwa kiwandani kwenye magari ya Kaiser Manhattan ya 1954 na Studebaker Golden Hawk ya 1957. S.Co.T. ni bloa ndogo yenye asili ya Turin, Italia, na ni adimu kweli. Hizi zifuate kwenye soko la vipuri la Hershey, Pennsylvania, mwezi wa Oktoba, au la Pomona, California. Fika kabla ya jua kuchomoza ukiwa na tochi, sumaku na kalipa ya kupimia. Pitia pia meza za watu wa Studebaker na Kaiser, maana muuzaji wa huko anajua alichonacho na mara nyingi ana hata bomba na vishikizo vyake, vitu ambavyo ukivikosa utavitafuta miaka.

Ukiishika bloa, zungusha taratibu kwa mkono rota, zile sehemu za ndani zinazosukuma hewa. Ikigoma mahali palepale kila mzunguko, rota inagusa kasha au beringi imechoka. Mulika ndani. Mkwaruzo usionasa ukucha si tatizo, lakini mfereji unaonasa ukucha ni kazi ya mashine. Kagua masikio ya bolti kama yana ufa.

Manifoldi za kufungia bloa, yaani vipande vinavyopeleka hewa yake kwenye silinda, ndizo zinazonakiliwa sana. Mtu huchukua ya zamani, akaitumia kutengeneza kalibu ya mchanga, akasubu nyingine yenye maandishi yaleyale. Kalipa itakuambia ukweli: aluminiamu husinyaa kwa kama asilimia moja au zaidi kidogo inapopoa, kwa hiyo nakala yenye urefu wa inchi 12 hupungua milimita 3 au zaidi kidogo. Pima mahali ambapo hapajachongwa, ulinganishe na ya asili. Nakala si kitu kibaya, bora tu uuziwe kwa jina lake.

Sasa umeifikisha nyumbani. Nakusihi, usiiguse kwa msasa wala mchanga. Isome kwanza. Piga picha za kila upande: namba zilizosubiwa, namba zilizogongwa kwa mkono, mabaki ya rangi, matundu ya waya wa kufungia bolti, alama za tupa. Fundi aliyeichonga hakuacha daftari. Hizo alama ndizo historia yake yote, na mashine ya kupiga mchanga huzimaliza kwa dakika chache.

Kisha ujue ni madini gani. Sumaku hutenga chuma tu. Kati ya aluminiamu na magnesiamu, weka tone la siki mahali pasipoonekana: magnesiamu itatoa povu papo hapo, nawe uoshe na kukausha mara moja. Hapa watu huharibu vitu visivyorudi. Tangi la maji ya moto yenye kostiki soda, linalosafisha bloku ya chuma vizuri, huila aluminiamu. Magnesiamu inavumilia kostiki lakini asidi nyingi huitafuna. Mafuta ya taa ni salama kwa zote mbili, pamoja na brashi ya nailoni na subira. Uchongapo magnesiamu usiache vumbi lake lirundikane. Likishika moto, maji huukoleza, kwa hiyo weka ndoo ya mchanga mkavu karibu.

Ukilazimika kufungua 6-71, tia alama gia mbili za mbele kabla hujalegeza chochote. Nyuma yake kuna shimu, bati nyembamba kama karatasi, na ndizo zinazopanga nafasi kati ya rota. Kila gia na shimu zake zikae mfuko mmoja. Gia hizi huenda kwa jozi, usizichanganye na za bloa nyingine hata kama namba zinafanana.

Kwa kuhifadhi: gia na shafti zipake mafuta mazito, uzifunge kwa karatasi ya nta. Magnesiamu ipake nta, na uondoe bolti za chuma zilizobaki ndani yake, kwa sababu unyevu ukiingia kati ya madini hayo mawili magnesiamu ndiyo inayoliwa. Sanduku la mwaloni liache. Mbao zake hutoa mvuke wa asidi. Mikanda ya mpira iwe mbali na mwanga na mota za umeme. Maelezo yako yaandike kwa penseli, maana wino hutawanyika mafuta yakiingia, uyaweke ndani ya sanduku lenye bloa pamoja na picha. Kila baada ya miezi michache fungua, zungusha rota robo mzunguko, ongeza mafuta kwenye beringi, ufunge tena.