Usinunue mbao siku mteja ametoa advansi

Mimi ni seremala, banda langu liko hapa Tabora mjini, na kama kuna kitu kinanizeesha kwenye hii kazi si wateja wala umeme kukatika, ni mbao. Watu wa Dar wanadhani huku mninga tunapikia ugali. Mbao nzuri ikitoka porini upande wa Sikonge au Kaliua inapanda lori inawafuata hukohuko kwao, sisi tunabakiziwa zilizopinda, na pori lenyewe linazidi kusogea mbali maana mashamba ya tumbaku yanakatiwa miti, tumbaku ikivunwa inakaushwa kwa kuni, na mkaa nao haujalala.

Januari moja mama fulani alinipa advansi ya meza ya chakula ya watu sita. Nikakimbia kwenye mbao nikachukua nilichokikuta, muuzaji ananiapia "fundi hii kavu, ina miezi minne hapa", na mvua inazinyeshea tunaziangalia wote wawili. Nikaunga, msasa, vanishi, meza ikawaka. Mwezi wa saba simu inaita, "fundi njoo uone meza yako." Ilivyokuwa nzuri ilikuwa meza yake, ilivyopasuka ikawa yangu. Ufa toka mwanzo mpaka mwisho, sarafu ya mia mbili inapita. Nimeirudia bure.

Sasa ninavyofanya siku hizi ni hivi.

Kwanza nanunua kiangazi, mwezi wa tano wa sita, nikiwa sina oda ya kunikimbiza. Muuzaji akijua una haraka umekwisha. Kama mtaji mdogo nunua mbao tatu tatu kila ukimaliza kazi, au ungana na fundi mwenzio mchukue pamoja.

Ukifika, usiangalie rangi, watu wanaona wekundu wanasema mninga huo kumbe mti wowote wa miombo. Anza na uzito. Mbao ya inchi moja kwa kumi na mbili, futi 12, ni futi moja kamili ya ujazo, na mninga mkavu wa ukubwa huo unacheza kwenye kilo 18 hivi, miti inatofautiana lakini si sana. Ukiipandisha kwenye mizani ikasoma 25, hapo unanunua maji kwa bei ya mninga. Mkola, ule wengine wanaita mkongo, ni mzito zaidi, huo weka kilo 22 au 23.

Halafu inyanyue kichwa kimoja uichungulie kama unalenga gobole, ukitembeza jicho mpaka mwisho utaona kama imepinda au imejinyonga. Iliyopinda kama upinde unaweza kuikata vipande vya miguu ya stuli, ila iliyojinyonga iache tu, randa itakula yote. Na usiende bila futi ya kupimia, mbao nyingi zinapasuliwa kwa chensoo porini, kichwa hiki inchi moja na robo, kule robo tatu, na hiyo "inchi nane" ukiipima unakuta saba na kidogo. Lipia ulichopima wewe.

Hapa ndo mafundi wengi tunapigwa: ile sehemu nyeupe ya pembeni. Kwenye mninga kiini ndo chenye rangi na ndo kigumu kwa wadudu, ule weupe bungua wanaupenda kama wali. Utaona vitundu vidogo kama vya sindano, gonga mbao chini, ukidondoka unga mwembamba kama poda ya mtoto ujue wako kazini muda huu. Mimi weupe naukata wote hata kama roho inauma, mbao ya inchi kumi nabaki na saba, kwa hiyo hesabu hiyo hasara ukiwa bado unabishana bei, siyo ukishafika bandani. Mbao iliyopita katikati kabisa ya gogo, kwenye kile kimoyo, nayo itapasuka tu.

Kibali cha kusafirishia na risiti omba hata kama unanunua mbao tano, maana watu wa TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, wakikukuta na mzigo usio na karatasi haijalishi nani alikata mti. Na anayekwambia "uje uchukue usiku" mwache.

Kukausha. Usianike juani, jua la Tabora la mwezi wa nane linapasua vichwa ndani ya wiki. Weka kivulini penye upepo, juu ya matofali, chini mwaga oili chafu kwa ajili ya mchwa. Kila tabaka tenganisha kwa vijiti vya inchi moja, umbali wa futi moja na nusu hadi mbili, na vijiti vyote vinyooke mstari mmoja toka chini mpaka juu, visipolingana mbao inakauka na mawimbi. Juu kandamiza na mawe. Vichwani paka rangi ya mafuta iliyobaki, au nta, si tuko kwenye nchi ya asali.

Kujua imekauka, kata kipande kidogo hatua moja kutoka kichwani, paka rangi ncha zake, kichomeke katikati ya rundo. Kila Jumapili kipime kwenye mizani ya jikoni, andika kwa penseli hapohapo juu yake. Changu cha mwisho kilianza gramu 655, kikashuka 590, 548, kikaendelea hivyo mpaka 470, kikagoma wiki tatu mfululizo. Hapo ndo nikaigusa. Mbao ya inchi moja niliyoipanga mwezi wa tano huwa naifanyia kazi mwezi wa tisa.

Na hata ikikauka vizuri, masika itavimba kidogo, kwa hiyo uso wa meza usiugongelee misumari kwenye fremu, tumia vishikizo vya mbao vinavyoteleza kwenye mfuo. Ukituma mzigo Kigoma ndo kabisa, kule ziwani hewa ina unyevu kuliko huku, droo acha nafasi ya kutosha, la sivyo utapigiwa simu zimegoma kufunguka.